Daktari, baba aache kidonge kipi?

Swali: "Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 64. Miezi mitano iliyopita alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti moja. Tangu hapo anameza aspirini ya miligramu 75 mara moja kwa siku, na tikagrelori ya 90 asubuhi na jioni. Sasa mikono yake imejaa madoa ya damu iliyovilia, juzi alitokwa damu puani, na kuna wakati anasema pumzi inamkatika hata akiwa amekaa tu. Wiki ijayo anang'olewa jino, naye ameambiwa aache dawa zote mbili kwa siku saba. Mjomba anasema dawa mbili za kazi moja ni kuzidisha, aspirini peke yake inatosha. Aache ipi? Na mzigo huu ataubeba mpaka lini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana jino halisubiri. Baba asiache hata kidonge kimoja kabla daktari wake wa moyo hajasema, na kung'oa jino moja si sababu ya kuacha. Pigeni simu kliniki ya moyo leo, muwaambie mambo mawili: kuna jino, na kuna pumzi. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kukusaidia kuelewa mtakachoambiwa huko, na kujua maswali ya kuuliza.

Kuhusu mjomba, simcheki. Kwamba dawa moja inaweza kutosha, hilo madaktari wa moyo wamelibishania kwa miaka mingi, na tafiti kubwa za karibuni zinaelekea upande wake. Alipokosea ni kidonge cha kubaki nacho. Inapobidi kupunguza, mara nyingi siku hizi inayoondoka ni aspirini, ile nyingine ndiyo inayobaki. Watu hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu aspirini wameijua tangu utotoni, na hilo jina lingine hata kulitamka ni kazi.

Wengi huziita dawa za kuyeyusha damu. Jina limezoeleka, silipigi vita, lakini linapotosha. Damu ya baba yako haikuwa nzito kama uji, na leo haijawa maji. Ukiipima utakuta chembe sahani zake ni zilezile, kati ya 150,000 na 400,000 katika kila mikrolita kama za mtu yeyote mzima. Kilichobadilika ni tabia yake. Hizo chembe sahani ni vipande vidogo mno vya seli vinavyozunguka na damu vikingoja kazi moja: kuziba palipochanika. Ukijikata kidole, ndizo za kwanza kufika.

Siku ile ya mshtuko, palipochanika palikuwa ndani ya ateri ya moyo, mshipa wenye upana wa milimita tatu au nne hivi. Kwa miaka mingi utando wa mafuta ulikuwa umejijenga ndani ya ukuta wake, kisha ngozi nyembamba iliyoufunika ikapasuka. Chembe sahani hazijui kidole wala moyo. Zikaona jeraha, zikafanya kazi yake. Iliyofika kwanza ikajibandika, ikapiga mbiu, na wahenga walishasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zikaja nyingine, nazo zikapiga mbiu, na katika muda mfupi bonge likaziba njia. Misuli ya moyo iliyokuwa mbele ya bonge hilo ikakosa hewa.

Sasa tazama dawa zinaingia wapi. Mbiu ziko zaidi ya moja. Mojawapo ni kemikali iitwayo tromboksani, na nyingine inaitwa ADP. Aspirini huivunja pembe yenyewe: inaharibu kimeng'enya kinachotengeneza tromboksani, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Itakaa bubu hivyo hadi ife, yaani siku saba hadi kumi. Tikagrelori haigusi pembe, inaziba masikio. Inakaa kwenye kipokezi kiitwacho P2Y12, ambacho ndicho chembe hutumia kuisikia ADP. Klopidogreli na prasugreli nazo huziba sikio hilohilo. Kwa hiyo si dawa mbili za kazi moja. Moja inanyamazisha anayeita, nyingine inamfanya anayeitwa asisikie, na ndiyo maana kumeza klopidogreli juu ya tikagrelori ni kosa, lakini aspirini juu ya tikagrelori si kosa.

Aspirini ilipata heshima yake kwenye mshtuko wa moyo mwaka 1988, jarida la The Lancet lilipochapisha utafiti wa ISIS-2. Wagonjwa walikuwa 17,187. Kati ya waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja, 9.4% walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Kati ya waliopewa kidonge bandia, 11.8%. Waliopewa aspirini pamoja na streptokinasi (hiyo ndiyo dawa inayoyeyusha bonge kweli, jina la kuyeyusha lingeifaa hiyo) walikuwa 8%, na waliokosa zote mbili 13.2%. Kuna kisa cha utafiti huo nakipenda. Watafiti walitakiwa wachambue matokeo kwa vikundi vidogovidogo, nani alifaidika na nani hakufaidika. Walijua uchambuzi wa namna hiyo hudanganya, basi wakaongeza na wao kikundi chao: nyota za kuzaliwa. Hesabu ikaonyesha kwamba aspirini haiwafai waliozaliwa kwa nyota ya Mapacha na ya Mizani! Nakikumbuka kisa hicho kila mgonjwa anaponiambia dawa fulani haiwafai watu wa aina yake kwa sababu jirani mmoja ilimshinda.

Mwaka 2001 ukaja utafiti wa CURE, ukauliza swali la mjomba: tukiongeza klopidogreli juu ya aspirini, tunapata nini? Wagonjwa 12,562. Waliokufa kwa moyo, waliopata mshtuko mwingine au kiharusi walishuka kutoka 11.4% hadi 9.3%. Waliotokwa damu nyingi walipanda kutoka 2.7% hadi 3.7%. Kwa kila wagonjwa mia, karibu wawili wanaokolewa na mmoja anavuja damu vibaya. Tangu siku hiyo mjadala wetu wote uko ndani ya hesabu hiyo: nani yuko karibu zaidi na bonge, na nani yuko karibu zaidi na kutokwa damu. Mwaka 2009 utafiti wa PLATO, wenye wagonjwa 18,624, ukaweka tikagrelori dhidi ya klopidogreli, wote wakiwa na aspirini. Tikagrelori ikashinda, 9.8% dhidi ya 11.7%, na hata vifo vya sababu zote vikapungua. Ndiyo sababu baba yako aliandikiwa hiyo. Prasugreli nayo ina nguvu kuliko klopidogreli, ila haipewi mtu aliyewahi kupata kiharusi, na huwa tunaisitia kwa wenye miaka 75 na zaidi au wenye uzito chini ya kilo 60.

Halafu kuna stenti. Hiki ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachoiacha njia wazi, lakini kwa chembe sahani chuma ni mgeni. Mpaka ukuta wa mshipa uote juu yake na kukifunika, kila inayopita inaweza kukiona kama jeraha jingine. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari kubwa, na hatari inashuka kadiri miezi inavyokwenda, bila kufika sifuri. Niliwahi kumpokea bwana mmoja wiki ya tatu baada ya stenti. Ufizi ulikuwa ukimtoka damu kila akipiga mswaki, akaona vidonge vimezidi, akapumzika "siku nne tu". Tulipomrudisha kwenye meza na kusukuma rangi ndani ya ateri, kwenye skrini ile rangi ilishuka vizuri, ikafika mwanzo wa stenti, ikasimama. Mbele yake hapakuwa na kitu, peupe, kama barabara iliyokatwa na mto. Tulimwahi, akapona, lakini misuli ya moyo iliyokufa siku ile haikurudi. Alipozinduka aliniuliza kuhusu ufizi.

Sikukuambia hayo nikutishe. Baba yako yuko mwezi wa tano, si wiki ya tatu, na hilo linampa nafasi ambayo yule bwana hakuwa nayo.

Turudi kwenye damu. Madoa ya mikononi, hasa mtu akigonga mlango au akivaa saa, ni kawaida kwa anayetumia dawa hizi, na ngozi ya mtu mzima ni nyembamba. Hayapendezi, lakini hayaui. Damu ya puani ni ya kati. Ikianza, baba akae, ainamishe kichwa mbele (si nyuma, akiinamisha nyuma ataimeza), abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia na kuchungulia. Wengi wanashindwa hapo, wanaachia kila dakika kuangalia kama imekata. Ikipita nusu saa haijakata, nendeni hospitali.

Damu ninayoiogopa mimi ni ile isiyoonekana. Choo cheusi kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida ni damu kutoka tumboni, na hapo hamngoji kesho, isipokuwa kama anameza vidonge vya madini ya chuma ambavyo navyo hukifanya choo cheusi. Hata hivyo semeni, tupime. Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kuanguka na kugonga kichwa, kizunguzungu akisimama na mapigo kwenda mbio: hayo yote ni ya dharura. Mwulizeni daktari pia kama baba anahitaji dawa ya kukinga tumbo. Kwa mtu mwenye umri wake anayemeza dawa hizi mbili, mimi huwa sisiti kuiandika, na aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo hana mjadala. Akija kubadilishiwa klopidogreli, basi dawa ya tumbo isiwe omeprazoli wala esomeprazoli, kwa sababu zinakizuia kimeng'enya cha ini ambacho klopidogreli inakihitaji ili iwe dawa. Pantoprazoli ni salama zaidi hapo. Tikagrelori haina shida hiyo, inafanya kazi jinsi ilivyomezwa.

Sasa pumzi, na hapa ndipo barua yako ilinishtua zaidi ya lile jino. Tikagrelori ina tabia ya kuleta kuhema. Katika PLATO iliwapata 13.8% ya walioitumia, dhidi ya 7.8% kwa klopidogreli. Ukiijua unaitambua: mtu amekaa anatazama televisheni, mara anahisi kama pumzi haikufika chini, anavuta moja ndefu, inapita. Hakohoi, kifua hakipigi mluzi, analala chali bila mto wa ziada, na mara nyingi akipanda ngazi hapati shida zaidi ya kawaida yake. Kwa kawaida huanza siku au wiki za mwanzo. Haiharibu mapafu wala moyo.

Lakini mtu aliyepata mshtuko wa moyo akisema pumzi inamkatika, siruhusiwi kusema "ni dawa hiyo" na kuendelea na chai yangu. Huenda moyo umechoka na maji yanajaa kwenye mapafu. Dalili zake ni kuvimba miguu, kushindwa kulala bila kuinua kichwa, kushtuka usiku akihema. Huenda damu imepungua kwa sababu inavuja taratibu mahali tusipopaona, na hapo madoa na pumzi vinakuwa habari moja. Huenda mshipa mwingine unaziba. Kwa hiyo kliniki watamsikiliza kifua, watapima wingi wa damu, watafanya kipimo cha umeme wa moyo na pengine picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Vyote vikiwa sawa, ndipo tunailaumu tikagrelori. Je, pumzi hiyo ilianza lini? Ikiwa ilianza wiki ya kwanza na haijabadilika, natulia kidogo. Ikiwa ilianza wiki mbili zilizopita, sitatulia. Mwulize baba leo, jibu lake ni la maana kuliko anavyodhani.

Jino. Siku saba alizoambiwa hazikutungwa: ni umri wa chembe sahani, muda ambao aspirini inahitaji ili itoke kabisa. Ushauri wa zamani ulikuwa huo, na kwa upasuaji mkubwa bado tunaacha baadhi ya dawa, tikagrelori siku tatu hadi tano kabla, klopidogreli siku tano, prasugreli saba, tena kwa mpango wa daktari wa moyo na mpasuaji wakiwa wamezungumza. Jino moja si upasuaji wa namna hiyo. Ni shimo dogo, linaonekana, na kidole kinalifikia. Daktari wa meno atalijaza kitambaa cha dawa kinachosaidia damu kuganda, atashona uzi mmoja au miwili, baba atang'ata pamba kwa nusu saa bila kuzungumza. Kuna pia maji ya kusukutua yenye asidi ya traneksami yanayosaidia. Huenda ikachukua muda mrefu kidogo kukata kuliko kwa mtu mwingine, basi. Ombeni miadi ya asubuhi, tena mwanzoni mwa wiki, ili damu ikisumbua jioni au kesho yake awepo mtu wa kumwona. Kama ni meno matatu, yagawanywe. Na kama jino haliumi na halina usaha, hakuna ubaya kulisogeza mbele hadi daktari wa moyo aseme.

Hatari kubwa zaidi ya siku hiyo huwa iko kwenye karatasi anayotoka nayo. Atataka dawa ya maumivu, na inayoandikwa kwa mazoea ni aibuprofeni au diklofenaki. Hizo zinaongeza kuvuja damu tumboni, zinaongeza hatari kwa moyo wenyewe, na aibuprofeni ikimezwa kabla ya aspirini huweza kukaa mlangoni ikaizuia aspirini isiingie. Parasetamoli ndiyo yake. Akihitaji antibayotiki, klarithromisini haiendi na tikagrelori, inaipandisha kwenye damu kupita kiasi. Kwa upande mwingine rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa huishusha hadi ikawa kama hakumeza. Daktari wa meno ni mtu makini, ila lazima aambiwe jina la dawa. "Anatumia dawa za moyo" haitoshi.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, aache ipi na lini. Utasikia kila mahali "mwaka mmoja". Mwaka mmoja ni kawaida nzuri ya kuanzia, miongozo ya Ulaya na Marekani yote inaanzia hapo, lakini ujue ulivyopatikana: CURE na PLATO ziliwafuatilia wagonjwa hadi miezi 12, basi tukaandika miezi 12. Mwili haukuiambia sayansi kwamba siku ya 365 stenti imeiva. Tangu hapo watu wamejaribu kurefusha na kufupisha. Mwaka 2014 utafiti uitwao DAPT, wenye wagonjwa 9,961, ulilinganisha miezi 30 na 12 ya dawa mbili: stenti kuziba kulipungua kutoka 1.4% hadi 0.4%, na kutokwa damu kukaongezeka kutoka 1.6% hadi 2.5%. Ileile hesabu ya CURE, imerudi na nguo nyingine.

Upande wa kufupisha ndio wenye mambo mapya. Swali lilikuwa: damu nyingi inayovuja inatokana na aspirini inayokwaruza tumbo, je, tukiiondoa mapema tukabaki na tikagrelori, bonge litarudi? TWILIGHT ya 2019 iliiondoa baada ya miezi mitatu, kutokwa damu kukashuka kutoka 7.1% hadi 4%, na mshtuko, kiharusi au kifo vikabaki sawa, 3.9% pande zote mbili. ULTIMATE-DAPT ya 2024 ikathubutu kuiondoa baada ya mwezi mmoja tu kwa wagonjwa 3,400 wa mshtuko wa moyo na hali zinazokaribiana nao: damu kutoka 4.6% hadi 2.1%, upande wa moyo bila tofauti. Mwongozo wa Marekani wa 2025 ukaikubali njia hiyo kwa mgonjwa aliyevumilia dawa zote mbili kwa mwezi wa kwanza. Basi kama kero ya baba ingekuwa damu peke yake, ningemwambia daktari wake waziwazi: miezi mitano imepita, fikiria kuondoa aspirini, abaki na tikagrelori mpaka mwaka uishe.

Ila baba ana pumzi, na pumzi huenda inatokana na hiyohiyo tunayotaka kuibakiza. Hapo kuna njia ya pili: kuibakiza aspirini na kuishusha tikagrelori kuwa klopidogreli, ambayo ni pole zaidi na haina tabia ya kukata pumzi. Korea Kusini walijaribu hivyo katika TALOS-AMI, 2021, kwa wagonjwa 2,697 waliokuwa wametulia mwezi mmoja baada ya mshtuko. Waliobadilishwa walipata matatizo, ya moyo na ya damu yakijumlishwa, 4.6% dhidi ya 8.2% kwa waliobaki na tikagrelori. Kasoro ya klopidogreli ni kwamba ini lazima liigeuze kwanza ndipo ifanye kazi, na kuna watu waliozaliwa na ini lisiloigeuza vizuri. Kwa hao sikio halizibiki sawasawa. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuwatambua pale kinapopatikana.

Nisichotaka mfanye ni zote mbili kwa pamoja, yaani aspirini iondoke na tikagrelori iwe klopidogreli, abaki na klopidogreli peke yake mapema. Inavutia, inaonekana kama kumfurahisha kila mtu. STOPDAPT-2 ACS, ya 2022 huko Japani, ilijaribu hasa hivyo baada ya mwezi mmoja au miwili kwa wagonjwa 4,169, na mishtuko ya moyo ikawa 1.6% dhidi ya 0.9% kwa waliobaki na dawa mbili. Baada ya mwaka mmoja, sawa, kuna wanaobaki na klopidogreli peke yake na wanaendelea vizuri. Miezi mitano, kwa sasa, mimi nasita. Na mpango wa mjomba, aspirini peke yake mwezi wa tano, unatuacha na kinga iliyo dhaifu kuliko zote tatu, tena ikiwa na ileile kero ya tumbo.

Ningekuwa mimi daktari wake, na vipimo vya pumzi vikatoka safi, ningekwenda njia ya pili: klopidogreli pamoja na aspirini ya 75, dawa ya tumbo juu yake, hadi mwezi wa kumi na mbili, kisha moja tu kwa miaka inayofuata. Daktari mwenzangu mzuri tu anaweza kusema hapana, akaiacha tikagrelori na kuitoa aspirini kwa sababu stenti ya baba iko mahali pabaya, au kwa sababu ana kisukari, na akawa sahihi kuliko mimi. Yeye ameiona picha ya mishipa, mimi nimesoma barua. Mambo yanayobadilisha hesabu ni hayo: stenti ilikaa wapi na ni ndefu kiasi gani, figo zinafanyaje kazi, damu iko kiwango gani, aliwahi kutokwa damu tumboni au kupata kiharusi, na kama moyo unapiga bila mpangilio kiasi cha kuhitaji dawa ya aina nyingine kabisa ya kuzuia damu kuganda, kama apiksabani. Aliye na apiksabani kwa kawaida aspirini tunamtolea ndani ya siku chache tu.

Kubadilisha kwenyewe kuna utaratibu. Klopidogreli haianzi kesho baada ya kuamua jana. Daktari atasema dozi ya kwanza iwe kubwa kiasi gani na ianze saa ngapi baada ya tikagrelori ya mwisho, ili pasiwe na usiku ambao masikio yote yako wazi. Msifanye nyumbani. Na kabla ya hapo, akisahau tikagrelori ya asubuhi, asimeze mbili jioni, aendelee na ya jioni kama kawaida. Tikagrelori hushika kipokezi na kukiachia, haiking'ang'anii kama aspirini inavyokiharibu kimeng'enya chake, kwa hiyo dozi mbili tatu zikirukwa kinga inaanza kuondoka. Vidonge vikibaki vya wiki moja, ndio wakati wa kutafuta vingine, si vikiisha.

Siku mkienda kliniki, msibebe orodha, bebeni vidonge vyenyewe, vyote, hata vya tumbo, hata vya mitishamba, hata vya mama. Mimi huwaomba wagonjwa wavimwage mezani. Mwezi uliopita mama mmoja, naye aliyejaa madoa ya damu kama baba yako, alimwaga pakiti mbili zenye rangi na majina tofauti. Nikazigeuza nikasoma maandishi madogo nyuma: zote klopidogreli, moja ya hospitali aliyolazwa, nyingine ya duka la dawa alikokwenda kuongeza. Alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi kwa wiki sita, kwa uaminifu kabisa. Ya tatu mezani ilikuwa diklofenaki ya goti.